Polisi, Bunduki na Panga: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Huku Kisauni

Kabla hamjaanza kusoma, mimi si wakili na si polisi. Ni mtu wa kujitolea tu hapa Kisauni, Mombasa, kazi yangu ni kuwasindikiza watu kituoni, kortini na mochari, kuwaandikia barua, kuwakumbusha waombe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kabla hawajaondoka. Halafu mjomba wangu alikuwa askari miaka 28 mpaka akastaafu, sahii yuko kwake Mtopanga anafuga kuku. Kwa hivyo vijana wa maskani husema mimi mtu wa karao, yaani polisi, na makarao nao husema mimi natetea wezi, nshazoea. Maswali haya nayapata kwenye simu, kwa kinyozi, hata matangani, nikaona niyaandike mara moja ili mtu akiniuliza nimtumie hii na mimi nipate kunywa chai yangu.

Kwani polisi ana ruhusa ya kuua mtu?

Ya kuua hana. Ana ruhusa ya kutumia bunduki kwenye hali chache, na kwenye hizo hali mtu anaweza kufa, lakini hakuna pahali sheria imemwambia nenda kaue. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 26 yasema kila mtu ana haki ya kuishi, na haikuweka alama ya nyota pale chini kwamba isipokuwa wezi wa simu.

Sheria yenyewe ni ile ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, nendeni moja kwa moja Jedwali la Sita, ni kurasa chache tu na kila mtu mtaani angepaswa kuzisoma. Yasema askari aanze na njia isiyo ya nguvu. Ikishindikana, nguvu iwe ya kadiri, ilingane na kosa na ilingane na vile yule mtu anavyopinga. Bunduki ni pale njia nyingine zote hazitoshi, na sababu zake zimeandikwa: kuokoa maisha ya askari ama ya mtu mwingine, kujikinga na hatari iliyo pale pale ya kuuawa ama kuumizwa vibaya, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke mikononi mwa sheria, pamoja na yule anayekuja kumtorosha. Kuna kifungu kingine chataja kulinda maisha na mali, na hicho ukiniuliza mimi ni mlango walioufungua mpana mno, maana mali ni nini, kibanda cha viazi karai pia ni mali. Lakini hata hapo imeandikwa nguvu yenye sababu ya haki, na ile ya kadiri bado iko juu yake.

Mbona wasimpige mguu tu?

Hili ndilo namba wani, na siwalaumu. Julai 2025 Rais Ruto mwenyewe alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, alazwe hospitali kisha apelekwe kortini, sasa kama rais asema hivyo mtu wa kawaida ataachaje kuuliza.

Shida ya kwanza mguu hautulii. Mtu anakimbia, ni usiku, taa ya mtaa imekufa tangu Ramadhani, askari mwenyewe moyo wamdunda na mikono yatetemeka, na paja la mtu mwembamba upana wake haufiki sahani ya pilau. Akikosa, ile risasi haipotei. Ya bunduki ya AK hutoka kwa mwendo wa kama mita 700 kwa sekunde, ya G3 yazidi hapo, ukuta wa udongo ama mabati kwake si kitu, itapita iende ikamtafute mama wa watu aliyelala na mtoto.

Ya pili, pajani pana mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika mtu aweza kuisha kwa dakika chache kabla hata tuktuk haijapatikana. Kwa hivyo risasi ya mguu bado ni risasi, bado ni nguvu ya kuua, na askari asiye na sababu ya kumpiga mtu kifuani hana sababu ya kumpiga mguuni pia. Watu huichukulia kama kofi kali hivi, adhabu ya kati na kati, na mimi hiyo ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu askari akiamini mguu ni kofi atafyatua upesi pale ambapo hangefyatua kabisa.

Ndiyo maana mafunzo ya polisi pahali pengi ni kulenga katikati ya mwili, na ni kwa nia ya kusimamisha hatari. Hatari ikisimama na kidole kisimame.

Mtu ana panga, askari ana bunduki, si ni uoga huo?

Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka mjomba akanifunza kwa mwiko.

Ilikuwa Jumapili baada ya kula, nikambishia kwamba mwenye bunduki kuogopa panga ni aibu, akaniambia chukua mwiko wa ugali nenda kasimame pale kwenye mwembe. Yeye akachomeka rimoti ya tivi kiunoni, akashusha shati juu yake kama bastola inavyofichwa, akasimama kibarazani. Ukiwa tayari nijie. Ni hatua nane hivi. Nikatoka mbio na ndala zangu, na mimi si kijana tena, tumbo liko, lakini kabla rimoti haijatoka kwenye shati mwiko ulikuwa ushamgusa shingo. Tukarudia. Mara ya tatu aliwahi kuitoa lakini nilikuwa nshamfikia, yaani angepiga na mimi bado ningemkata, tungeanguka wote pale kwenye ngazi. Mkewe akatoka jikoni kuuliza kama tumerukwa na akili, na kuutaka mwiko wake.

Hili jambo si la mjomba peke yake. Mwaka 1983 kule Marekani sajini mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alipima na akaandika kwamba mtu mwenye kisu aweza kukata futi 21, kama mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu tu, na huo ndio muda ambao askari aliyezoea huhitaji kutoa bastola na kupiga. Baadaye watu wakaigeuza ikawa ati sheria ya futi 21, mtu akiingia kwenye hizo futi mpige, wakati si sheria, wala Tueller hakuiandika iwe sheria. Alikuwa anafunza askari wasisubiri karibu, wakae nyuma ya kitu, watoe silaha mapema.

Na hapo ndipo mjomba hunikaba. Askari mwerevu, asema, hamwachi mwenye panga afike hatua nane. Anarudi nyuma, anaweka gari katikati, ama ukuta, ama hata mkokoteni wa mwuza maji, anapiga kelele weka chini, anaita wenzake. Akijipeleka mwenyewe mpaka puani kwa mtu kisha akasema sikuwa na budi, muulize ni nani aliyekupeleka pale.

Kwa hivyo jibu langu, panga ni silaha ya kuua, sisi wa Kisauni na Likoni hatuna haja ya kuambiwa, tumeona makundi ya vijana wakipita mtaa mzima wakikata watu saa moja ya usiku wakati watu wananunua mkate. Anayekujia na panga mkononi unaweza kujikinga naye kwa risasi na sheria itakuelewa. Aliyesimama ng'ambo ya barabara na panga limening'inia, anatukana tu, huyo si sawa na anayekuja. Na aliyelitupa chini si sawa na hao wote wawili.

Lazima apige hewani kwanza?

La. Sheria yataka ajitambulishe kuwa ni polisi na atoe onyo wazi kwamba atatumia bunduki, halafu ampe mtu nafasi ya kulisikia onyo na kulifuata. Asipotoa onyo awe na sababu, kwamba kungoja kungemhatarisha yeye ama mtu mwingine, ama kwamba onyo halingekuwa na maana kwa hali ilivyokuwa. Kupiga hewani hakukutajwa kama lazima, na kwa nyumba zetu zilivyobanana, risasi iliyopanda itashuka pahali.

Hapo kwenye kujitambulisha shikeni sana. Watu wanne wametoka kwenye Probox wamevaa jinzi na kapelo, wana bunduki, hawajasema neno, kijana akakimbia. Mimi pia ningekimbia.

Mbona risasi nyingi hivyo, moja haikutosha?

Inawezekana ilitosha na inawezekana haikutosha. Mtu aliyepigwa risasi haanguki kama mnavyoona kwenye sinema, aweza kuendelea kuja. Lakini kila risasi yahitaji sababu yake. Tatu za mbele wakati anakuja na mbili za mgongoni akiwa ameshalala chini ni mambo mawili tofauti, na daktari wa posmotamu ataziona.

Akikimbia je?

Hapa ndipo wengi hukosea, pamoja na askari wenyewe. Ile ruhusa ya kumzuia mtu asitoroke ni kwa aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa na yuko mikononi mwa sheria. Kijana anayekatiza vichochoro vya Majengo kwa sababu ameona landkruza ya polisi hajashtakiwa na lolote, pengine ana msokoto mfukoni, pengine hana kitu, amezoea tu kukimbia. Hata Marekani ambako watu hudhani kila kitu kinaruhusiwa, mahakama yao ya juu ilisema mwaka 1985, kwenye kesi iliyotoka Memphis ya kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi akiruka uzio, akiwa na dola 10 na pochi alizochukua kwenye nyumba, kwamba huwezi kumuua mtu kwa kukimbia tu, lazima uwe na sababu ya kuamini ni hatari kubwa kwako ama kwa watu wengine.

Lakini jamani alikuwa jambazi anajulikana, si afadhali ameenda?

Swali hili huniuma kwa sababu mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyeibiwa, ama mtoto wake alikatwa mkono, na siwezi kumwambia hasira zake si za kweli.

Nawajibu hivi. Mtu ameuawa, kitu cha kwanza mtaani ni kuulizana alikuwa nani. Alikuwa mwizi? Alikuwa na kesi? Alikuwa mvutaji? Zikitoka habari kwamba alishawahi kufungwa gereza la Shimo la Tewa basi yamekwisha, kila mtu arudi kwake. Sheria haiulizi hivyo. Yauliza ile sekunde risasi inatoka alikuwa anafanya nini, mikono yake ilikuwa wapi, nani alikuwa hatarini. Jambazi sugu aliyelala kifudifudi mikono kichwani si hatari, na mwalimu wa madrasa asiye na kosa hata moja maishani akichanganyikiwa akashika kisu cha samaki akamjia mtu, ni hatari. Jina la mtu halisaidii hapo.

Mnakumbuka Septemba 2016 kituo cha polisi cha Central hapa mjini. Wanawake watatu waliingia wakisema wamekuja kuripoti simu iliyoibiwa, mmoja akatoa kisu, mwingine akarusha bomu la petroli, wakauawa wote watatu pale pale. Watu wakagawanyika pande mbili, hawa ni magaidi mkome, hawa ni dada zetu wameonewa. Mimi nilikuwa nawaambia watu watatu ni maswali matatu. Wa kisu ulizia wakati wa kisu. Wa petroli ulizia wakati wa petroli. Wa tatu naye ulizia wake, usimtie kwenye hesabu ya wenzake kwa sababu aliingia nao mlango mmoja. Sikupata rafiki upande wowote.

Kama bunduki yake ilikuwa ya bandia?

Askari huhesabiwa kwa alichokiona wakati ule na kama mtu mwenye akili timamu angeamini vile. Bastola ya mchezo gizani ni bastola. Lakini ile bastola ipatikane basi, isiwe yatajwa tu kwenye ripoti.

Kijana wetu ni mgonjwa wa akili, ameshika kisu, tuite polisi?

Nimekaa na familia mbili zilizopiga simu kutaka msaada zikaishia kushona sanda, kwa hivyo hili nalijibu polepole.

Kwanza toeni watu ndani, hasa watoto, na msimzingire. Fungeni mlango mkiwa nje kama yawezekana, mtu mwenye kisu ndani ya chumba kitupu hana wa kumkata. Anyamaze kila mtu isipokuwa mmoja, yule anayempenda, mara nyingi ni bibi ama dada, na azungumze kutoka mbali. Mkiita polisi, neno la kwanza kwenye simu liwe huyu ni mgonjwa, anatumia dawa, jina lake fulani, si mhalifu. Halafu mtu mzima mmoja akawapokee barabarani kabla hawajafika mlangoni awaeleze tena. Msiseme ati anaua watu ili waje haraka. Watakuja haraka, na watakuja wakiwa tayari wameshaamua wanachokikuta.

Mkubwa akisema pigeni, askari afanye nini?

Jedwali lile lile la Sita limeandika kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Iwe ni sajini, iwe ni waziri kwenye tivi. Waziri haendi kortini na wewe. Nawaambia hivi hata askari vijana ninaokutana nao, wengine wananicheka, wengine wananiuliza ni kifungu cha ngapi.

Ushawahi kuona askari akafungwa kweli?

Nimeona, na ni hapa hapa Pwani. Agosti 2014 usiku, maaskari walienda nyumba moja kijijini huko Kinango wakimtafuta jamaa wa familia aliyeshukiwa kwa mauaji. Wakampiga risasi msichana wa miaka 14 akafa. Utetezi ulikuwa nini? Panga. Ati aliwashambulia kwa panga. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ikachunguza, kesi ikaja Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Februari 2016 maaskari wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakapewa miaka 7 kila mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kazi ya IPOA kufika mpaka mtu akatiwa hatiani kwa kifo.

Nilipompelekea mjomba ile habari aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema panga la usiku kila mtu hulitaja. Akarudi kwa kuku wake.

Mtu wetu amepigwa risasi sasa hivi, tufanye nini?

Hapa nawaomba msome polepole, ama mtumie mtu mwenye kichwa kilichotulia asome.

Kama yuko hai, hospitali kwanza, maneno baadaye. Sheria yawataka polisi waliokuwa pale wampe msaada wa matibabu papo hapo na wawajulishe jamaa zake. Kama wanamlinda hospitali maana yake amekamatwa, na haki za aliyekamatwa anazo akiwa kitandani, wakili, kuambiwa kosa, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24 ama korti iambiwe kwa nini hawezi kuletwa. Ombeni P3, ile fomu ya polisi daktari anayojazia majeraha, na kila karatasi ya hospitali pigeni picha.

Kama amefariki, pahali alipoangukia ni pa maana kuliko kelele zote mtakazopiga. Watu hujazana, wanakanyaga damu, watoto wanaokota maganda ya risasi wanayachezea, nimeyaona kwa macho yangu maganda matatu juu ya meza ya keram. Lile ganda ndilo linaloweza kulinganishwa na bunduki fulani, na bunduki fulani ina askari aliyeitia saini siku ile, kwa sababu silaha kituoni hutolewa kwa kitabu na risasi zake zikihesabiwa, na kurudishwa vile vile. Msiyaguse. Pigeni picha yakiwa pale pale, karibu na kwa mbali, ionekane ukuta, mlango, nguzo ya stima, kitu kisichohama. Wenye kamera dukani waombeni siku hiyo hiyo wahifadhi, nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku kadhaa. Polisi nao wametakiwa na sheria kulinda pahali pale, na askari anayevuruga ushahidi amefanya kosa.

Walioona andikeni majina yao na saa, kila mmoja peke yake, msikae kikao mkapatanisha hadithi. Hadithi zikifanana neno kwa neno loya wa upande wa pili atazichana asubuhi moja.

Halafu posmotamu, na hapa nazungumza na ndugu zangu Waislamu, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Twazika haraka, ni sunna na ni heshima, maiti ikifika saa nne twataka adhuhuri iwe ishaswaliwa. Naelewa na siwezi kumlazimisha mtu. Ila nimeona kesi zikifa pale pale makaburini. Hakuna posmotamu, hakuna anayejua risasi ziliingia mbele ama nyuma, karibu ama mbali, ngapi, na miezi sita baadaye familia inaomba korti iamuru kaburi lifukuliwe, jambo ambalo lawaumiza zaidi kuliko kusubiri siku moja ingewaumiza. Masheikh niliowauliza mimi huku kwetu wameniambia penye dhuluma na haja ya kuthibitisha, kuna nafasi. Muulizeni sheikh wenu, lakini muulizeni kabla ya kwenda kuchimba. Na mnaweza kuomba daktari wenu awepo wakati wa upasuaji, mashirika ya haki za binadamu kama MUHURI ama Haki Africa watawaambia pa kuanzia, wako hapa hapa mjini.

Nguo alizovaa zisifuliwe. Bi mkubwa yeyote atataka kuzifua. Zianikeni kivulini, zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni, zitaoza.

IPOA ni polisi wengine?

Hapana, ni raia. Iliundwa kwa sheria ya 2011, ina ofisi hapa Mombasa, na simu ya bure ni 1559. Kifo chochote ama jeraha kubwa linalotokana na nguvu za polisi, mkubwa wa kile kituo lazima awaripotie mara moja nao wachunguze. Wasiporipotiwa, ripotini nyinyi. Hawashtaki wao, wakimaliza faili laenda kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, yeye ndiye aamuaye kama kuna kesi. Huchukua muda, na muda huo ni miaka, sitawadanganya. Kile mnachoweza kukifanya ni kuwa na namba ya faili, jina la mchunguzi, na mtu mmoja wa familia wa kupiga simu kila mwezi bila kukosa, mmoja tu, wakiwa sita watachoka wote pamoja.

Naweza kupiga video?

Pigeni, lakini kwa mbali na bila kuingia katikati, maana kumzuia askari kazi yake ni kosa na atalitumia. Usizungumze wakati unapiga video, sauti yako itafunika maneno ya maana. Na usiirushe kabla hujaihifadhi pahali pengine kama ilivyo, ikishapita kwenye magrupu mara mia mbili na muziki juu yake si ushahidi tena.

Nikisimamishwa usiku na wenye bunduki nifanyeje?

Simama. Mikono ionekane. Usitie mkono mfukoni kutafuta kitambulisho mpaka useme kiko wapi na uambiwe kitoe. Wa boda zima injini. Usibishane habari ya haki zako saa saba ya usiku pale Bombolulu, haki zako zitakuwepo asubuhi ukiwa hai. Shika namba ya gari na jina la kifuani kama liko. Najua yaudhi kumfunza mtu asiye na kosa namna ya kusimama, na vijana wananiambia wewe watufunza kunyenyekea. Pengine ni kweli.

Mjomba wako yeye ashawahi kumpiga mtu?

Mmeniuliza mara nyingi nikaona nimuulize mwenyewe. Akasema mara moja, miaka ya nyuma, huko bara si hapa, mtu alikuwa na rungu la vyuma na mwenzake alikuwa ameshaanguka chini. Hakufa yule mtu. Kilichomkaa kichwani ni ile jioni baadaye, alirudisha bunduki kwenye dirisha la ghala, mwenye kitabu akahesabu risasi, akamwambia imepungua moja. Akasema ndiyo. Yule akamwambia andika. Kalamu ikakataa kushika karatasi kwa sababu mkono ulikuwa umelowa jasho, akaomba kalamu nyingine, nayo ikakataa, mpaka mwenye kitabu akampa kitambaa.